Udongo wa Mfinyanzi Katika Pwani ya Tanga: Namna ya Kuupima, Kuuandaa na Kuutumia

Mkazi wa Tanga anayetaka kufanya kazi na udongo wa mfinyanzi ana bahati na pia ana mtihani. Bahati yake ni kwamba udongo wenyewe upo mabondeni, hauhitaji mtaji mkubwa, na vifaa vya kuufinyangia vimejaa nyumbani: kifuu cha nazi, gunzi la mahindi, kipande cha kibuyu, gome la kombe. Mtihani wake ni kwamba sehemu kubwa ya ardhi ya pwani hii imelala juu ya mawe ya matumbawe na ya chokaa, jamii ya mawe ambayo maji yaliyatoboa yakawa mapango ya Amboni na ambayo huko Pongwe huchimbwa kutengenezea saruji, huku upepo wa bahari ukileta chumvi na unyevu karibu mwaka mzima. Chokaa, chumvi na unyevu ndivyo vinavyovunja vyombo vya wanaoanza, na mara nyingi mtu hulaumu mikono yake bure.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na kupima, na utakaa hapo kwa muda. Watu wengi huchagua kwanza chombo wanachokitaka, kisha wakatafuta udongo wa kukitengeneza. Utaratibu unaofaa ni kinyume chake: udongo ujulikane kwanza, ndipo upewe kazi inayoufaa. Udongo uliokataa mtungi unaweza kuwa mzuri sana kwa jiko, na uliokataa jiko unaweza kukandikia ukuta ukadumu miaka mingi.

Mahali pa kuchimba

Tafuta mahali ambapo maji hutuama, au yalituama zamani: mabondeni, pembezoni mwa mashamba ya mpunga, kwenye mikondo ya vijito vya msimu. Wakati wa kiangazi ardhi yenye udongo huu hupasuka mapande mapande, na wakati wa masika matope yake hung'ang'ania jembe hata ukilikung'uta. Ondoa tabaka la juu lenye mizizi na majani yaliyooza, kiasi cha sentimita 30, kisha chukua ule ulio chini yake. Kadiri unavyokwenda mbali na bahari, kwa mfano kwenye mabonde ya Muheza yaliyo chini ya Milima ya Usambara ambako miamba si ya chokaa, ndivyo uwezekano wa kupata udongo safi unavyoongezeka. Tope la mikokoni liache kabisa: lina chumvi nyingi, lina harufu ya yai viza kwa sababu ya salfa iliyomo, na mikoko yenyewe inalindwa.

Usichimbe ukingoni mwa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au ufukwe wa bahari, na hata bila sheria hiyo, ukingo uliochimbwa hubomoka mvua zinapozidi. Omba ruhusa ya mwenye shamba, toa taarifa kwa serikali ya kijiji au ya mtaa, na ikiwa unakusudia kuchimba kwa biashara, ulizia kwanza masuala ya leseni katika ofisi ya madini. Ukimaliza, fukia shimo, kwa maana shimo la udongo wa mfinyanzi halinywi maji, na maji yaliyotuama ni makazi ya mbu.

Vipimo vya kufanya kabla ya kufinyanga

Kipimo cha kwanza ni cha chupa. Jaza udongo theluthi moja ya chupa inayoonyesha ndani, ongeza maji mpaka karibu na shingo, weka sabuni kidogo ya unga, funga, tikisa kwa nguvu, kisha iache mahali ambapo haitaguswa. Mchanga huzama ndani ya dakika moja au mbili. Tope laini hufuata baada ya saa chache. Udongo wa mfinyanzi wenyewe hutua mwisho kabisa, pengine baada ya siku nzima, ukafanya tabaka laini juu ya mengine. Tabaka hilo likiwa jembamba sana, udongo wako ni wa kukandika au wa matofali, si wa vyombo.

Kipimo cha pili ni cha msokoto. Lowesha udongo mpaka uache kunata kiganjani, viringisha msokoto wenye unene wa penseli, uuzungushe kwenye kidole chako. Ukizunguka bila kupasuka, udongo una unato wa kutosha. Ukipasuka kidogo, unaweza kurekebishika kwa kuchujwa. Ukikatika vipande, una mchanga kupita kiasi.

Cha tatu ni cha kusinyaa, na hiki ningependa kila mtu akifanye kwa rula. Tengeneza kibao cha udongo chenye urefu wa sentimita 12 hivi, upana wa sentimita 4 na unene wa sentimita 1. Chora juu yake mstari wa sentimita 10 kamili kwa ncha ya kisu. Kikaushe kivulini mpaka kikauke kabisa, kisha upime mstari ule. Ukikuta umebaki sentimita 9.3, udongo umesinyaa kwa asilimia 7, na hapo unaweza kufanya nao kazi. Ukishuka chini ya sentimita 9, udongo huo ni mkali mno ukiachwa peke yake, utapasua vyombo wakati wa kukauka, na ni lazima utiwe kitu cha kuupunguza nguvu, jambo ambalo nitalieleza hapa chini.

Kipimo cha nne ndicho cha watu wa pwani hasa. Chukua bonge la udongo uliokauka, livunje, na ukamulie ndimu au udondoshee siki kwenye sehemu iliyovunjika. Weka sikio karibu. Ukisikia mchemko mdogo na kuona mapovu, udongo una chokaa. Chokaa iliyosambaa kama unga si hatari kubwa. Hatari ni punje za matumbawe na vipande vya magamba ya konokono au chaza. Punje hizo zikipata moto mkali hugeuka chokaa ambayo haijazimwa, na mafundi wa zamani waliojenga kwa chokaa ya matumbawe, kama tunavyoona katika magofu ya Tongoni kusini mwa mji, waliijua vizuri tabia yake: ikipata maji huvimba. Ndani ya chombo kilichokwisha kuchomwa, punje hiyo hunyonya unyevu wa hewa polepole, huvimba, na siku chache baadaye huchomoa ganda la duara lenye ukubwa wa ukucha. Ukitazama katikati ya kovu hilo utaiona punje yenyewe, nyeupe, laini, ikipukutika kwa kidole. Anayeona jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani chombo kiligongwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, usichukue mchanga wa ufukweni kuchanganya na udongo wa vyombo vya kuchoma. Mchanga huo una magamba yaliyosagika na una chumvi. Tumia mchanga wa mtoni uliooshwa.

Chumvi huonekana yenyewe. Finyanga kidonge cha udongo, kiache kikauke, na utazame kama kinatoa ukungu mweupe juu. Kikitoa, loweka udongo wako wote katika maji baridi, uache utuame, mwaga maji ya juu, na urudie mara kadhaa. Chumvi nyingi itaondoka na maji. Kazi hii inachosha, na mara nyingi ni nafuu kutafuta udongo mwingine.

Kuuandaa udongo

Udongo uliokauka kabisa hulowa upesi kuliko ule wenye unyevu, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kwa hiyo uanike kwanza mpaka uwe mkavu, uupondeponde kwa mchi au rungu, kisha uumimine ndani ya beseni lenye maji bila kuukoroga. Utamomonyoka wenyewe. Siku inayofuata ukoroge uwe uji, uupitishe kwenye wavu wa dirisha au chekeche ili mizizi, vijiwe na magamba yabaki juu. Acha uji utuame, mwaga maji yaliyojitenga, na umimine tope zito juu ya kitambaa cha pamba kilichotandikwa juu ya mchanga mkavu. Baada ya siku moja hadi tatu, kutegemea hali ya hewa, utakuwa umeshikamana kiasi cha kukandwa.

Sasa ni wakati wa kutia kitu cha kuupunguza ukali. Ninapendelea vigae vilivyosagwa kuliko mchanga. Vigae vimekwisha kupita motoni, havisinyai tena, na ncha zake zilizochongoka hushikana vizuri na udongo mpya. Vunja vyungu vibovu, visage kinuni ambacho hakitumiki kwa chakula, uvichekeche vipate ukubwa wa chenga za mahindi au pungufu. Ziba pua na mdomo kwa kitambaa wakati wa kusaga, au nyunyizia maji kidogo, kwa kuwa vumbi la udongo hudhuru mapafu ya anayelivuta mara kwa mara. Kwa vyombo vidogo vya kawaida, sehemu moja ya chenga kwa sehemu nne za udongo inatosha. Kwa vyombo vitakavyokaa motoni, kama vyungu vya kupikia, kikaango na chetezo (chombo cha kufukizia udi na ubani), ongeza mpaka sehemu moja kwa mbili, ilimradi udongo usipoteze unato. Nafasi ndogo zinazozunguka chenga hizo ndizo zinazokiruhusu chombo kutanuka na kusinyaa bila kupasuka.

Kanda kwa kiganja, ukisukuma na kukunja, mpaka ukiukata kwa uzi usione kitundu cha hewa. Watu wengi huacha kukanda wanapochoka. Endelea kidogo baada ya hapo.

Chombo cha kuanzia: chetezo

Nachagua chetezo kwa sababu tatu. Ni kidogo, kinatumika kila Ijumaa na kila penye harusi katika nyumba nyingi za Tanga, na hakibebi chakula wala maji, kwa hiyo kasoro ndogo hazimdhuru mtu.

Chukua donge linalojaa kiganja. Lishike kwa mkono mmoja, zamisha dole gumba la mkono wa pili katikati bila kufika chini, kisha uwe unabinya ukuta kati ya dole gumba na vidole vingine huku ukilizungusha donge polepole. Anza kubinya kutoka chini kwenda juu. Anayeanza juu hupata mdomo mwembamba unaolegea na kitako kizito. Unene wa ukuta uwe karibu milimita 8, na kitako kiwe kinene zaidi kwa sababu ndicho kitakachokalia makaa. Ukiwa na kipande cha kifuu cha nazi kilichokaa vizuri sakafuni, weka kazi yako ndani yake ili uizungushe bila kuigusa sana.

Acha bakuli hilo mpaka likauke nusu, yaani mpaka likiguswa lisibonyee lakini bado ni baridi na lina weusi wa unyevu. Hapo ndipo mguu na mshikio huungwa. Kwaruza pande zote mbili zinazokutana, paka uji wa udongo uleule, bana, na uzibe kiungo kwa msokoto mwembamba unaoshindiliwa kwa kijiti. Wahenga waliosema udongo uwahi ungali maji walikuwa na maana pana, lakini kwa mfinyanzi ni agizo la kawaida kabisa: ukiunga mshikio mbichi kwenye chombo kilichokauka, kimoja kitasinyaa na kingine hakitasinyaa, na mshikio utabaki mkononi.

Toboa matundu manne au matano kwenye ukuta, juu kidogo ya kitako, ili hewa ifikie makaa. Kwa mapambo, kuna mfano mzuri ulio karibu nasi. Katika makazi ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, wanaakiolojia hufukua vigae vya tangu karne ya 7 hadi ya 9 hivi vilivyochorwa safu za pembetatu zilizojazwa mistari ya mshazari karibu na shingo ya chungu. Michoro hiyo hupatikana kwa ncha ya kijiti tu. Ukingo wa gome la kombe ukigandamizwa huacha mawimbi madogo, na gunzi la mahindi likiviringishwa huacha vidoti. Mwisho, sugua sehemu zisizo na michoro kwa jiwe laini la mtoni mpaka ziwe na mng'aro. Msuguo huo hulaza chembe za udongo na kuubana uso wa chombo.

Siku ya kukitumia, tandika majivu ndani ya chetezo kabla ya kuweka makaa, ili joto lisipige kitako moja kwa moja. Na dirisha liwe wazi, kwa kuwa makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Kukausha

Hapa Tanga, chombo kinachoonekana kikavu mara nyingi si kikavu. Hewa ya bahari ina unyevu mwingi, hasa masika, kati ya Machi na Mei, na chombo kilichoanikwa usiku kinaweza kurudisha sehemu ya maji kiliyoyapoteza mchana. Kikaushe ndani, kivulini, mbali na upepo wa moja kwa moja, na kwa siku za mwanzo kifunike kwa kitambaa kikavu ili mdomo usitangulie kitako. Kigeuze kila siku. Wiki moja ni muda mfupi kwa chombo kidogo. Mbili ni salama zaidi. Chungu kikubwa chenye kuta nene kinahitaji hata zaidi. Kukijua kama kimekauka, kiweke shavuni: kikiwa baridi kuliko hewa, bado maji yanatoka ndani yake.

Kuchoma

Kuchoma kunageuza udongo usiwe udongo tena. Kati ya nyuzi joto 450 na 600 hivi, maji yaliyofungwa ndani ya chembe zenyewe za udongo hutoka, na baada ya hapo hakuna kuuloweka ukarudi tope. Biwi la wazi lililopangwa vizuri linaweza kufika nyuzi 600 hadi 800, na hilo linatosha kwa kazi zote zilizotajwa hapa.

Chagua siku kavu isiyo na upepo mkali, na mahali palipo mbali na mapaa ya makuti. Kabla ya yote, pasha vyombo moto: vipange kuzunguka moto mdogo, karibu nusu mita, vikigeuzwa kila upande kwa saa mbili au tatu, na kusogezwa polepole. Usiruke hatua hii. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na tone lililonaswa ndani ya ukuta likigeuka mvuke ghafla hupasua chombo kwa kishindo na kuvunja majirani zake.

Tandika chini makumbi makavu na kuni nyembamba. Panga vyombo juu yake vikiwa vimefudikizwa, vikubwa katikati na vidogo pembeni, vikiachiana nafasi ya moto kupita. Simamisha kuni kuzunguka, jaza vifuu na kinyesi kikavu cha ng'ombe katika nafasi, kisha funika yote kwa nyasi na vigae vikubwa vinavyozuia upepo. Washa upande ule ambao upepo unaelekea, ili moto urudi taratibu dhidi ya upepo badala ya kulipuka. Ongeza kuni pale tu moto unapopungua, na anza kuchoma alasiri ili giza likukute ukiwa karibu na kilele, kwa sababu gizani utaona rangi ya vyombo vyenyewe. Wekundu hafifu wa giza haujatosha. Wekundu ulio wazi, unaoonekana hata ndani ya midomo ya vyombo, ndio unaotakiwa, na udumishwe kwa dakika 15 au 20.

Kisha acha. Usichokoe, usimwagie maji, usitoe chombo kikiwa cha moto ili ukitazame. Kivunje kifuniko cha majivu asubuhi. Gonga kila chombo kwa ukucha: mlio wa wazi ni wa chombo kizima, mlio mzito ni wa chenye ufa hata kama ufa hauonekani. Kipande kimoja cha majaribio kilowekwe usiku kucha. Kikilainika, moto haukutosha, na vyombo vingine vyote vinaweza kuchomwa tena. Madoa meusi si kasoro. Ni mahali ambapo moshi ulikaa bila hewa.

Mtungi wa maji na jokofu la vyungu

Mtungi hupoza maji kwa kutoa jasho. Maji hupenya kwenye kuta, yakafika nje na kugeuka mvuke, na kila tone linaloondoka huchukua joto la yaliyobaki. Kwa hiyo mtungi usipakwe rangi wala mafuta kwa nje, na uwekwe barazani penye upepo na kivuli. Mdomo uwe mwembamba, uwe na kifuniko, na maji yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu ili mikono isiingie. Uoshe kwa brashi na maji ya moto kila wiki, uukaushe juani.

Mtungi haugeuzi maji machafu kuwa safi. Vipo vichujio vya udongo vilivyobuniwa na Fernando Mazariegos nchini Guatemala mwaka 1981, vinavyotengenezwa kwa udongo uliochanganywa na unga wa mbao au pumba, ambazo huungua na kuacha vitundu vidogo sana, kisha hupakwa chembechembe za madini ya fedha. Lakini kila kimoja hupimwa kasi ya kupitisha maji kabla ya kuuzwa, na mimi simshauri mtu yeyote kujitengenezea nyumbani na kukitegemea. Chemsha maji au yatie dawa, ndipo uyaweke mtungini.

Kanuni ya jasho ndiyo pia ya jokofu la vyungu: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga mbichi katikati, kitambaa kilicholowa juu. Mwalimu Mohammed Bah Abba wa Nigeria alilisambaza kaskazini mwa nchi yake katika miaka ya 1990 na kupewa tuzo ya Rolex mwaka 2000, kwa kuwa mboga zilidumu siku nyingi badala ya chache. Kaskazini mwa Nigeria ni pakavu. Tanga mjini, ambako hewa imejaa unyevu, jokofu hili hushusha joto kidogo tu na linafaa zaidi saa za mchana wenye upepo. Ndugu zetu wa upande wa Handeni, ambako ni pakavu zaidi, watanufaika nalo kuliko sisi.

Chungu cha kumwagilia bustani

Kama ningeambiwa nichague matumizi moja tu ya udongo kwa mwenye kijibustani kwenye mchanga wa pwani, ningechagua hili. Mchanga hupitisha maji upesi. Ndoo unayomwaga asubuhi, mchana imekwisha kuzama mbali na mizizi. Wachina walikuwa wameandika habari za kufukia vyungu vya maji shambani zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na kanuni haijabadilika.

Finyanga, au nunua, chungu chenye tumbo pana na shingo nyembamba, cha lita 5 hadi 8, kisichopakwa chochote. Chimba shimo pana kuliko chungu, changanya udongo uliotoka na mbolea ya samadi, kifukie chungu mpaka shingoni, ushindilie ili udongo ugusane na ukuta pande zote. Jaza maji, funika kwa kigae au kifuu kuzuia mbu na uvukizi. Panda mchicha, bamia, nyanya au tikiti kwa kuzunguka, umbali wa sentimita 20 hadi 30. Udongo wa nje ukiwa mkavu huvuta maji kupitia ukutani. Ukilowa, mvuto hupungua, kwa hiyo mmea hupata kadiri ya mahitaji yake. Kwa siku za mwanzo mwagilia pia kwa juu mpaka mizizi ikifikie chungu.

Tatizo la pwani hapa ni maji ya kisima yenye chumvi, ambayo huziba vitundu vya ukuta. Tumia maji ya mvua au ya bomba, na kila baada ya msimu fukua chungu, ukiloweke na kukisugua.

Jiko, na ukuta

Kazi hizi mbili hazihitaji kuchoma, na ndipo udongo wenye chokaa au mchanga mwingi unapopata heshima yake. Kwa jiko banifu la kuni, udongo wa kichuguu ni bora. Changanya na mchanga na nyuzi fupi za mkonge. Katika mkoa ambao mkonge umelimwa tangu mwaka 1893, mabaki ya nyuzi hayana haja ya kutafutwa mbali, na nyuzi hizo huzuia nyufa kusambaa. Jenga ukuta wenye unene wa sentimita 10 kuzunguka sufuria unayoitumia kila siku, ukiiacha ndani wakati wa kujenga na kuizungusha ili isigande. Acha nafasi ya sentimita moja tu kati ya sufuria na ukuta, ili moto ulazimike kuisugua sufuria ukipanda badala ya kutoroka. Weka mafiga matatu madogo ya kuiinua, kata mlango wa kuni wenye upana wa sentimita 12 hivi, na usubiri wiki tatu kabla ya moto wa kwanza, ambao uwe mdogo.

Kwa kukandika, sehemu moja ya udongo kwa mbili au tatu za mchanga ndiyo mwanzo, lakini paka kwanza viraka vitatu vyenye vipimo tofauti na uchague kile ambacho hakikupasuka wala hakipukutiki. Nyunyizia ukuta maji, kandika mara mbili, na umalizie kwa chokaa. Udongo wenye chumvi usiutumie hapa, kwa kuwa huvuta unyevu na kuvua chokaa magamba.

Mabaki

Watoto wapewe udongo uliochujwa, wafinyange herufi, ng'ombe, majahazi na shanga. Vidonge vyenye tundu vikichomwa huweza kuwa chubwi za nyavu mahali pa risasi, ambayo ni sumu. Wasiule, na wajawazito vilevile, kwa sababu udongo wa kula huweza kubeba mayai ya minyoo na madini ya risasi, na huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula.

Udongo uliobaki ambao haujachomwa urudishe majini. Ukishakandwa, ufunge ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kitambaa kilicholowa, uuweke kivulini kwa wiki kadhaa; utaufungua ukiwa na harufu ya ukungu na unato mzuri zaidi kuliko ulivyouacha. Vyombo vilivyovunjika motoni viweke kando kwa ajili ya kinu.